Niliifundisha kompyuta kusema shikamoo, aibu akaibeba Mama Salima

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijazunguka, maana mimi kuzunguka ndiko ninakokujua. Nilikosa kwa mikono yangu hii miwili, mchana kweupe, nikiwa nimeshiba na sina hata homa ya kusingizia. Halafu nikamwacha mama wa watu abebe aibu yangu miezi miwili!

Jina langu naomba libaki kwangu. Wa hapa Mgori watanijua tu wakifika mstari wa tano, na hao siwezi kuwakimbia. Ninyi wengine nichukulieni kama kijana aliyekaa pembeni yenu kwenye benchi, ana kitu kimemkaa kooni na leo ameamua kukitema.

Mimi ni fundi kompyuta. Nilisoma kozi fupi Singida mjini, mengine nikajifundisha kwa kuharibu na kutengeneza. Niliporudi kijijini, mama yangu akanivuta mpaka kwenye kikundi chao cha akina mama wafuga nyuki. Walikuwa wamepewa kompyuta moja na ofisi iliyokuwa inahama, na hakuna aliyejua pa kuishika.

Mashine yenyewe mzee! Ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ukaikuta bado inajikuna. Nikafuta kila kitu, nikaiwekea mfumo wa kuendeshea unaoitwa Linux, kwa sababu Linux haina gharama na haichagui mashine iliyochoka. Ikafufuka. Akina mama wakapiga vigelegele na mimi kichwa kikaanza kuvimba siku hiyo hiyo.

Kazi ya kompyuta ilikuwa moja, kutunza daftari la asali. Kila ndoo inayoingia inaandikwa ni ya nani, imetoka upande gani wa msitu, imerinwa lini. Ndoo ikikutwa na moshi mwingi au imetiwa sukari, mwenye ndoo anajulikana na anaitwa. Kwa miaka yote daftari hilo lilikuwa kaunta buku nene lililotunzwa na Mama Salima, mpaka panya walipokula kurasa za katikati.

Huyu Mama Salima mumkariri, maana ndiye niliyemkosea. Ni mjane, umri umevuka sitini, jirani yetu wa tangu sijazaliwa. Nilipovamiwa na nyuki nikiwa darasa la pili, yeye ndiye aliyenichomoa miiba usoni mmoja mmoja huku akiniimbia ili nisilie. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemfanyia niliyomfanyia!

Siku ya kwanza ya mafunzo alikaa mbele ya kompyuta, akaitazama, akaikasirikia.

"Hii mashine haina adabu," akasema. "Mtu naingia, kitu cha kwanza inaniuliza jina langu nani na neno la siri nini. Hata shikamoo hakuna! Wewe mtoto wako akimpokea mgeni hivyo utamwacha?"

Ofisi nzima ikacheka. Mimi pia nikacheka, lakini njiani kurudi nyumbani nikawaza, mbona hilo linawezekana kabisa?

Ngoja niwaeleze kidogo, haitawachosha. Ndani ya Linux kuna mafaili ambayo mashine inayasoma yenyewe bila kuambiwa. Ukiandika amri humo, inaitekeleza kila mara, kama mlinzi aliyeachiwa maagizo. Faili moja linaitwa .bashrc, kila mtumiaji ana lake, linasomwa unapofungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Akina mama wakaliita faili la dirishani, na jina likatushika wote.

Basi nikafanya hivi. Nikaiagiza mashine ifungue dirisha hilo yenyewe mtu akishaingia. Ndani ya faili la dirishani nikaandika amri: sema "Shikamoo", subiri jibu, na usipojibiwa "marahaba" sema tena. Sema mpaka ujibiwe! Nililelewa hapa, shikamoo ikikosa jibu mtoto hasogei. Nikaona nimeilea mashine vizuri.

Kesho yake Mama Salima akaingia. Dirisha likafunguka, likasema Shikamoo. Akashika kifua.

"Eeeh! Imeamkia!"

"Itikia, mama," nikamwambia. "Andika."

Akaanza kutafuta herufi kwa kidole kimoja, sisi tumesimama nyuma yake. Akaandika: marahaba mwanangu hujambo umeamkaje. Akabonyeza. Mashine ikajibu: Shikamoo.

Akaandika tena yote, polepole. Shikamoo.

"Kiziwi huyu?" akauliza. "Au ananifanyia dharau?"

Kosa langu tena! Nilikuwa nimeiambia ikubali neno marahaba peke yake. Sasa niambieni, ni mama gani wa hapa kwetu anayeishia kwenye marahaba? Lazima akuulize umeamkaje, mama hajambo, kuku wanataga. Nikarekebisha palepale: jibu likianza na marahaba, pokea, mengine yote yanayofuata ni baraka.

Jamani, hapo ndipo raha ilipoanza! Mama Salima akawa anafika asubuhi kabla ya wote, anaiwasha mashine, inamwamkia, naye anaiandikia waraka. Anaiuliza kama baridi ya jana imeiumiza. Anaipa habari za mvua. Siku moja nilimkuta anaieleza kuhusu mbuzi wake aliyekataa kunyonyesha, na mashine imetulia inasikiliza kama mkwe.

Ndivyo alivyojifunza kuchapa. Mimi nilikuwa nimeandaa masomo ya kibodi na karatasi zake, hakuna aliyezigusa. Mama Salima alijifunza kwa kuitikia salamu, na akina mama wenzake wakajifunza kwa kumwiga yeye. Akawa mwepesi kuliko wote. Kikundi kikamchagua mtunza daftari wa kompyuta, na siku ile alitembea kijiji kizima bila sababu yoyote ili tu aonekane.

Akaja kuniuliza. "Mwanangu, hayo maneno ya salamu umeyaandika wapi humo ndani? Nionyeshe na mimi niandike yangu."

Nikamjibu, "Hiyo ya mafundi, mama. Wewe bonyeza tu."

Hiyo nayo naiungama. Kumwonyesha kungenichukua nusu saa. Lakini nilipenda kuitwa, nilipenda kusubiriwa mlangoni, nilipenda mtu aseme tusiguse mpaka fundi aje. Angejua yeye, mimi ningeringa kwa lipi?

Sasa ikatokea habari kwamba wageni wa wilayani wanakuja kuona akina mama wanaotunza daftari la asali kwa kompyuta. Mwenyekiti wetu, Mama Joyce, ni mama asiyecheka ovyo. Akapanga kila kitu: nani atapokea, nani atapika, na Mama Salima ndiye atakayekaa mbele ya wageni aingie kwenye mashine na kuonyesha daftari. Mimi akaniahidi barua ya kunitambulisha kwa vikundi vya Ikungi na kwingineko, mambo yakienda vizuri.

Akanipa na agizo. "Fundi, ile salamu inachelewa. Inakuja vitu vyote vikishafunguka. Wageni watakuwa wameshaangalia saa. Nataka ianzie mlangoni, mtu akishaandika tu neno la siri."

"Dogo hilo, mwenyekiti," nikasema. Hata sikufikiri.

Na kweli lipo faili la mlangoni. Linaitwa /etc/profile, ni la watu wote, na mashine hulisoma wakati mtu anaingia, kabla picha na madirisha hayajatokea. Siku moja kabla ya wageni, saa nane mchana, nikahamishia salamu yangu humo.

Mnaona tatizo? Mimi sikuliona! Pale mlangoni dirisha bado halijafunguka. Hakuna pa kuonekana salamu wala pa kuandika jibu. Mashine ingesema shikamoo gizani, isijibiwe, iseme tena, isijibiwe, iseme tena mpaka umeme wa sola uishe. Na mimi ndiye niliyeifunza kwamba isisogee hata hatua moja bila marahaba.

Kila anayejua kazi hii anajua sheria yake. Ukigusa faili la mlangoni, unatoka, unaingia tena kama mtu mwingine yeyote, unaona. Dakika moja! Lakini pikipiki ilikuwa nje inanipigia honi, nawahi gari la kwenda Manyoni, kuna ndugu yangu alikuwa anafungua duka la kuchapa na kutoa kopi akanihitaji. Nikalijaribu faili ndani ya dirisha lililokuwa tayari wazi. Likasema Shikamoo, nikaandika marahaba, likanyamaza. Nikazima mashine, nikaondoka napiga mluzi.

Yaliyofuata nimehadithiwa na mama yangu, na kila akihadithia ananiangalia.

Mama Salima alivaa kitenge kipya. Binti yake aliyeolewa Ikungi alifunga safari kuja kumwona mama yake akitumia kompyuta. Wageni wakakaa, wanakikundi wakajaa mpaka mlangoni. Mama Salima akakaa kwenye kiti, akaandika jina lake. Neno la siri la kwanza akalikosea, na watu wote wakaona amekosea. La pili akapatia. Akakaa sawa, akatabasamu, akasubiri kuamkiwa.

Skrini ikawa nyeusi.

Wakasubiri. Mgeni mmoja akakohoa. Mama Joyce akasema izimwe, iwashwe upya. Ikawashwa, Mama Salima akaandika, giza. Mama Joyce akamwinua kitini, akakaa yeye, akaandika jina lake mwenyewe. Giza. Basi watu wakaanza kunong'ona kwamba ile mara ya kwanza alipokosea, ndipo alipobonyeza kitu kibaya.

Mimi saa hiyo niko Manyoni karibu na stesheni, nakula wali maharage. Simu ikaita.

"Fundi, mashine imekufa."

"Imekufaje, mwenyekiti?"

"Mtu anaandika jina, anaandika neno la siri, inakuwa giza. Kila mtu."

Nikaweka kijiko chini. Nilijua palepale! Sikuhitaji kufikiri hata kidogo, nililiona faili la mlangoni mbele yangu kama sahani ile ya wali. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili: ni mimi. Nikaiona barua ya utambulisho, nikaona vikundi vya Ikungi, nikaona sura ya Mama Joyce. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Kuna mtu atakuwa amebonyeza kitu," nikasema.

Mama Joyce akasema, "Aliyekuwa anabonyeza ni Mama Salima."

Bado nilikuwa na nafasi! Nikajibu, "Basi ndiyo hivyo, mwenyekiti. Msiiguse tena, nakuja."

Sikujua simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa. Wageni walisikia. Binti wa Ikungi alisikia. Mama Salima alikuwa amesimama hapo hapo pembeni ya kiti, na alisikia kila neno kutoka kwa mtoto ambaye yeye ndiye aliyemchomoa miiba ya nyuki.

Nikarudi baada ya siku tatu. Nikaomba niachwe peke yangu ofisini, eti nahitaji utulivu. Kuna vitufe vitatu ukivibonyeza kwa pamoja, mashine inakupeleka kwenye mlango mwingine usio na picha, ni maandishi matupu. Huko kuna pa kuandika. Nikaandika jina langu, nikaandika neno la siri.

Ikaniandikia: Shikamoo.

Ikatulia, inasubiri. Mimi mtoto wa juzi, naamkiwa na kosa langu mwenyewe! Nikakaa pale nikiitazama. Mwishowe nikaandika marahaba. Ikanifungulia mara moja bila kinyongo.

Ndipo nikaelewa vizuri ukubwa wa nilichofanya. Ningesema kweli kwenye simu siku ile, ningewaambia wabonyeze vitufe vitatu hivyo, na Mama Salima angeingia kwa kuitikia salamu, jambo ambalo analiweza kuliko mtu yeyote wilaya nzima. Halafu ningemsomea mwenyekiti herufi chache, wangefuta mstari wangu, na wageni wangeondoka na hadithi ya kusimulia. Dawa ya mashine ilikuwa neno lake mwenyewe. Nilichokosa kutoa ni maneno yangu mawili.

Nikafuta mstari, nikawasha upya, ikafunguka safi. Salamu sikuirudisha popote, hata dirishani, kwa woga. Nikampigia Mama Joyce.

"Imepona, mwenyekiti."

"Ilikuwa nini?"

Nafasi ya tatu hiyo, jamani! Mungu alikuwa ananipa tu nafasi kama mtu anayegawa karanga.

"Mambo ya ndani ya mashine," nikasema. "Ila watu wapunguze kubonyeza bonyeza."

Weee! Ulimi huu ungekuwa kidole ningeuweka mlangoni nikaufungia.

Kikao kilichofuata wakamwambia Mama Salima apumzike, daftari ashike mwingine. Waliongea kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma. Hakubisha. Akatoa mfuko wake, akaweka mezani daftari dogo la shule alilokuwa anaandikia masomo yangu, akasema mashine ni za watoto wa shule, yeye alijipima akazidisha. Tangu hapo hakuingia ofisini. Akileta asali anaiacha ndoo mlangoni na kwenda zake.

Na mimi barua nikapewa! Nikaenda nayo Ikungi kifua mbele, nikafundisha vikundi viwili. Mama mmoja huko akaniuliza, hii mashine mbona haitusalimii kama ile ya Mgori tuliyoisikia? Nikasema ile iliharibika.

Miezi miwili ikapita. Mchana mmoja nikiwa uani natoka kuchota maji, Mama Salima akapita kurudisha ungo wa mama yangu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu.

Nikasubiri. Hakuna kilichofuata. Akaweka ungo ukutani, akaondoka.

Mama huyu aliyekuwa anaiuliza mashine kama imelala salama! Aliyeieleza chuma habari za mbuzi wake! Mimi ananipa marahaba kavu, kama ile niliyoiagiza kompyuta mwanzoni ikubali peke yake, bila neno la ziada. Nilibaki na ndoo mkononi mpaka maji yakaanza kunimwagikia miguuni. Hakuwa na hasira na mimi, hilo ndilo lililoniua. Alikuwa ananionea aibu, akidhani ameniharibia kazi.

Nikaingia ndani nikamweleza mama yangu kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kitu kwa Kinyaturu ambacho sitakitafsiri hapa, halafu akarudi kwenye Kiswahili.

"Mimi unaniambia ili iweje? Mimi niliadhiriwa mbele ya wageni? Kaseme ulipoharibia."

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa kikundi. Mama Salima alikuja, akakaa karibu na mlango. Nikaomba kusimama. Nikasema yote: faili la mlangoni, pikipiki, wali maharage, vitufe vitatu, mambo ya ndani ya mashine.

Mama Joyce akasema, "Rudia."

Nikarudia. Mara ya pili ni mbaya zaidi, mnajua hilo?

Mama Salima akainua mkono kama mwanafunzi. "Kwa hiyo siku ile mashine ilikuwa inaniamkia?"

"Ndiyo, mama. Ilikuwa inasema shikamoo. Ila hukuwa na pa kuitikia."

"Ilisema mara ngapi?"

"Haikuacha, mama. Mpaka mlipoizima."

Akatazama chini, akanyoosha kitenge chake kwenye magoti. "Maskini," akasema. "Na mimi nikadhani imenikataa."

Hapo nikalia. Naandika wazi, nililia mbele ya akina mama wote, makamasi na kila kitu, na mama yangu hakunipa leso.

Mama Salima akanisubiri nimalize. Akasema, "Lakini wewe, mwanangu, ulipopigiwa simu ulikuwa na pa kuitikia."

Neno hilo nalibeba mpaka leo.

Barua ikachukuliwa siku hiyo hiyo. Mama Joyce akapiga simu Ikungi mwenyewe, mbele yangu, akaweka sauti kubwa ili na mimi nionje. Kazi za huko zikaisha. Na jina nikapewa jipya, hapa kijijini naitwa Kuna Mtu. Nikipita dukani, "Karibu Kuna Mtu." Mpira ukitoka nje ya uwanja, hakuna aliyeupiga, kuna mtu amebonyeza. Juzi mchungaji wetu karibu aniite hivyo kanisani, akajikamata!

Mama Salima wakamrudishia daftari, lakini akakataa kulishika. Akasema harudi mpaka fundi amwonyeshe anapoandikia. Sikuwa na ubavu wa kusema hiyo ya mafundi. Nikamfundisha alasiri nne mfululizo, kiti chake mbele, changu nyuma. Akarudishiwa na lile daftari dogo la shule, na kwa mwandiko wake mkubwa akaandika: Faili la mlangoni, usiweke swali. Faili la dirishani, uliza utakavyo. Ukimaliza toka, ingia tena, ndipo ufunge ofisi. Nimesoma vitabu vinene vya Linux visivyosema vizuri namna hiyo.

Alasiri ya nne akaniambia, "Jina lako limo humu kwenye mashine?"

"Limo, mama."

"Niingizie. Nataka nijaribu kitu kwenye faili lako la dirishani."

Nikamwingizia, nikampa na neno langu la siri, akanifukuza nje. Nikasikia vidole vyake, siku hizi vinakwenda vyote kumi, na akina mama wengine wanamnong'oneza na kuzibana vinywa. Baadaye akatoka kwenye mashine na kuingia tena mwenyewe kujaribu, akaridhika, ndipo akaniita.

"Ingia sasa kama wewe."

Nikaandika jina, neno la siri. Dirisha likafunguka, likaniuliza: Nani alibonyeza?

Nikacheka, nikaandika marahaba. Likarudia: Nani alibonyeza? Nikaandika samahani mama. Nani alibonyeza? Nyuma yangu watu wameshaanza kukaa chini kwa kicheko. Nikaandika kuna mtu, kwa utani. Nani alibonyeza?

Nikaandika: ni mimi.

Likajibu: Marahaba mwanangu. Hujambo? Umeamkaje? Mama yako hajambo? Kuku wanataga?

Yote, mpaka na kuku! Nikageuka nikamtazama, na yeye akajifanya anatafuta miwani.

Basi wewe unayewasaidia watu wanaoanza, popote ulipo, iwe Linux, iwe simu, iwe mashine ya kukamua alizeti, sikia. Ukiiandikia mashine amri ya kujiendesha mtu anapoingia, usiondoke kabla hujatoka na kuingia mwenyewe, hata pikipiki ipige honi mpaka honi ikauke. Mwonyeshe mtu ulipoandika, aijue na yeye kazi, usimfanye awe wa kubonyeza tu. Na ukiharibu usiseme kuna mtu. Huyo mtu ana jina, ana kitenge kipya, na binti yake amesafiri kuja kumwona.

Ukiulizwa, jibu mara ya kwanza, maana hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Ule mstari wa Mama Salima naweza kuufuta kwa sekunde tatu, mimi ni fundi. Sijaufuta. Kila asubuhi nikifika ofisini unaniuliza nani alibonyeza, na kila asubuhi najibu ni mimi ndipo naanza kazi.